Drafti ya kijiweni ndani ya kompyuta

(Yafuatayo ni maoni ya wiki yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita usiku. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)

Ndugu msikilizaji, leo sitazungumzia bei ya mahindi wala ya mbolea. Nitazungumzia mchezo wa drafti. Najua wapo watakaosema kwamba huyu bwana ameishiwa na la kusema. Nawaomba wanivumilie dakika hizi chache, maana ndani ya mchezo huu limo jambo lililoninyima usingizi kwa muda wa mwaka mmoja sasa.

Mtu aliyepata kufika Tunduma anaifahamu foleni ya malori. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900. Ukivuka mpaka tu uko Nakonde, nchini Zambia. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019 ili karatasi za nchi mbili zikaguliwe mahali pamoja, na hapana shaka kimesaidia. Hata hivyo zipo siku ambazo magari hupanga mstari mrefu, na dereva aliyebeba shaba au mafuta hana la kufanya ila kungoja. Basi hungoja kwa drafti. Kivulini mwa lori huwekwa kipande cha mbao kilichochorwa miraba 64, na kete ni vizibo vya soda: upande mmoja vimelala kifudifudi, upande wa pili chali. Mwenye kingi huweka kizibo juu ya kizibo.

Siku moja nilikuwa nimesimama pembeni ya mchezo wa namna hiyo. Dereva mmoja wa ng'ambo alirudisha kete yake nyuma, akala. Mwenzake, kijana wetu wa hapa, akaruka juu: "Kete haili nyuma, kaka! Anayekula nyuma ni kingi peke yake." Mgeni akajibu kwa upole kwamba kwao kete inakula pande zote. Sauti zikapanda. Ndipo utingo mmoja alipotoa simu mfukoni, akafungua drafti aliyokuwa nayo humo, akajaribu kula nyuma, simu ikakataa. Akaiinua juu kama hakimu anayesoma hukumu. "Mnaona? Simu imekataa!"

Mgeni akarudisha kete. Lakini mzee mmoja, dereva mstaafu, akauliza swali ambalo halikupata jibu: "Na huyo aliyeiandika hiyo simu, alicheza kijiwe gani?"

Swali lile lilinichoma mimi kuliko yeyote aliyekuwapo, kwa sababu nyumbani, juu ya kompyuta yangu niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, nilikuwa nimeanza kuandika programu ya drafti kwa ajili ya kujifurahisha. Mimi si mtaalamu wa fani hiyo. Najifunza usiku, watoto wakishalala. Na mpaka siku ile nilidhani kazi ngumu ni kuifundisha kompyuta kufikiri.

Hebu kwanza nieleze kompyuta "hufikiri" vipi, maana watu wengi wanadhani kuna uchawi, na wengine wanadhani kuna mtu amejificha ndani. Hakuna uchawi wala mtu. Kuna kuhesabu tu.

Mchezaji wa kijiweni anapoinama juu ya ubao hujisemea moyoni: nikienda hapa, atanila pale, nami nitakula mbili, halafu yeye atabaki wazi kushoto. Kompyuta hufanya hayo hayo, ila haichagui ya kufikiria, hufikiria yote. Huchukua kila hatua inayoruhusiwa, kisha kila jibu la mpinzani, kisha kila jibu la jibu, mpaka ifike kina ulichoipangia. Pale inaposimama huutazama ubao na kuutolea alama. Njia rahisi ni hii: kila kete yangu ina alama 100, kila kingi ina alama zaidi, jumlisha zangu, toa za mpinzani. Kisha kompyuta hurudi nyuma na matokeo hayo. Ikiwa ni zamu yake, huchukua jibu lenye alama nyingi. Ikiwa ni zamu ya mpinzani, hudhani kwamba mpinzani si mjinga, na kwa hiyo atachukua jibu litakaloiumiza zaidi. Hatua itakayobaki nzuri hata baada ya mpinzani kujitahidi kadiri ya uwezo wake, ndiyo inayochezwa.

Ukisikia hivyo unaona ni jambo jepesi. Nami niliona hivyo. Nikaandika, nikawasha, nikacheza na mashine yangu mara ya kwanza, nikaifunga 12 kwa sifuri. Nikaifunga tena. Kwa wiki mbili nzima ilikuwa inanilisha kete moja baada ya nyingine, kama mama anayelisha mtoto. Nilidhani nimeunda mjinga. Kumbe nilikuwa nimeunda bingwa, ila bingwa wa kufungwa! Mahali ambapo zamu inahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine nilikuwa nimeweka alama ya kujumlisha badala ya kutoa, kwa hiyo mashine ilikuwa inatafuta kwa bidii zote njia ya haraka ya kujiangamiza. Nilibadilisha herufi moja tu. Usiku ule ule ikanifunga, nami sikujua nicheke au ninune.

Tatizo la pili lilikuwa mwendo. Tuseme kila zamu ina hatua 8 zinazowezekana. Ukitazama hatua mbili mbele, unakagua njia 64. Hatua sita mbele, njia 262,144. Hatua kumi mbele, njia zaidi ya bilioni moja! Simu ya kawaida itapata joto na mchezaji atakwenda kunywa chai arudi. Dawa yake wanaijua vizuri wakulima wa kahawa wa Mbozi, majirani zetu hapa, ingawa hawajui kwamba wanaijua. Mkulima hupogoa. Tawi ambalo halitazaa hulikata mapema, lisinyonye nguvu ya mti. Kompyuta nayo, ikikagua hatua fulani na kuona kwamba jibu la kwanza tu la mpinzani linaiacha pabaya kuliko hatua nyingine iliyokwisha kukaguliwa, haina haja ya kutazama majibu yaliyobaki. Hatua hiyo ni mbovu, imekwisha kujulikana. Ubovu wake kamili hautusaidii kitu. Ikate. Kama hatua nzuri zinakaguliwa kwanza, ile bilioni moja na ushei ya njia inaweza kushuka, katika hali bora kabisa, mpaka kiasi cha 65,000. Hapo simu ya bei ndogo inamaliza kabla hujakuna kichwa.

La tatu lilinichukua muda kuligundua. Mashine iliyopangiwa kutazama hatua sita husimama kwenye hatua ya sita hata kama ugomvi haujaisha. Inaona imekula kete moja, inafurahi, haioni kwamba katika hatua ya saba inaliwa mbili. Mzee yule dereva mstaafu, nilipompelekea simu aijaribu, aliligundua kabla yangu. Akawa anaitegea kete kama chambo, nayo inakwenda mbio kula, anaichinja. Dawa ilikuwa kuiambia isisimame kamwe kuhesabu wakati bado kuna kete inayopaswa kuliwa. Imalize ulaji wote kwanza, ndipo itoe alama.

Haya, ndugu msikilizaji, hayajaanza leo wala jana. Huko Marekani, Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alianza kuifundisha kompyuta drafti tangu miaka ya 1950, na taarifa yake ya mwaka 1959 ndiyo iliyoeneza msemo wa mashine kujifunza, msemo ambao leo uko midomoni mwa kila mtu. Baadaye, mwaka 1989, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakaanza kuandika programu iitwayo Chinook. Wakati huo bingwa wa dunia alikuwa Marion Tinsley, mwalimu wa hisabati, mtu ambaye tangu mwaka 1950 michezo aliyopoteza mashindanoni inahesabika kwa vidole. Mwaka 1990, katika mchezo wa majaribio, Chinook ilicheza hatua yake ya kumi na Tinsley akaiambia papo hapo kwamba itajuta. Mashine haikuona kosa lolote. Ilihesabu hatua nyingi na bado ikajiona salama. Ilikuja kuona baadaye sana, wakati maji yamezidi unga.

Hapo ndipo penye tofauti ya mtu na mashine. Tinsley hakuwa anahesabu njia 262,144. Alikuwa anaujua ubao ule kama dereva anavyoijua kona za mlima Kitonga. Walipopambana rasmi London mwaka 1992, Tinsley alishinda michezo 4, Chinook 2, na 33 ikawa suluhu. Mwaka 1994 wakakutana tena Boston, na baada ya suluhu sita mfululizo Tinsley alijitoa kwa sababu ya ugonjwa. Alifariki mwaka uliofuata. Kina Schaeffer hawakuacha. Mwaka 2007 walitangaza kwamba drafti ile imemalizika: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja wataishia suluhu. Hali zinazoweza kutokea kwenye ubao ule ni kama 5 ikifuatiwa na sifuri 20.

Niliposoma habari hizo nilikata tamaa kidogo. Kama drafti imekwisha kumalizwa huko Kanada, mimi wa Tunduma nahangaika na nini? Ndipo nikalikumbuka swali la mzee: alicheza kijiwe gani?

Iliyomalizwa ni drafti ya Kiingereza. Katika drafti ile kingi hutembea mraba mmoja mmoja, mbele au nyuma, kama mzee mwenye mkongojo. Kingi wa kwetu huruka. Anatoka pembe moja ya ubao mpaka nyingine kwa pigo moja, na akikuta kete njiani iliyo wazi nyuma yake anaila kutoka mbali. Huo ni mchezo mwingine kabisa! Na jambo hili nililipata kwa hasara. Nilipoanza nilinakili thamani ya kingi kutoka maandishi ya kigeni: kete 100, kingi 150. Matokeo yake mashine yangu ilikuwa tayari kutoa kingi wake ili ile kete mbili, ikijiona imepata faida ya 50. Kijiweni walicheka mpaka machozi. Hakuna mtoto wa Tunduma anayeuza kingi kwa kete mbili. Nilipandisha thamani yake mpaka 350, na mashine ikapata adabu.

Basi nikakaa chini na daftari, nikaamua kuandika sheria za drafti yetu, nikidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu, na bado haijaisha. Nilikwenda kijiwe cha stendi, nikaenda cha sokoni, nikaenda kile cha karibu na reli ya TAZARA, nikapanda basi mpaka Vwawa. Kila mahali niliuliza maswali yale yale. Je, kula ni lazima? Ndiyo, walisema wote. Kama kuna njia mbili za kula, moja inakula kete moja na nyingine tatu, ni lazima ule tatu? Hapo kijiwe kiligawanyika. Kingi akiisha kula, lazima atue mraba wa nyuma tu ya kete aliyoila, au anatua popote panapompendeza? Wakagawanyika tena. Kete ikifika mstari wa mwisho katikati ya kula, inakuwa kingi hapo hapo na kuendelea kula, au inasimama ingoje zamu nyingine? Swali hili nililiuliza kijiwe kimoja saa kumi jioni, nikawaacha wakibishana saa moja usiku.

Wala tusidhani ni sisi tu tunaobishana. Warusi wana kingi anayeruka na kete inayokula nyuma, na kwao kete inayofika mwisho katikati ya kula hugeuka kingi na kuendelea hapo hapo. Drafti ya kimataifa huchezwa kwenye ubao wa miraba 100, kila mtu na kete 20, na ni lazima ule njia yenye kete nyingi. Waingereza kete yao hailii nyuma. Tofauti ni kwamba wao kila mmoja ameandika kitabu chake, nacho kimeingia ndani ya kompyuta. Sisi kitabu chetu kiko vichwani mwa watu wanaocheza, na programu haiwezi kusoma vichwa. Kompyuta haikubali jibu la "inategemea". Kila jambo ambalo kijiwe hulimaliza kwa kelele, kwa mzaha, au kwa heshima ya mkubwa aliyepo, mwandishi wa programu ni lazima alikate: ndiyo au hapana.

Na hapo ndipo linapoingia jambo la uzito. Kijana anayejifunza drafti leo hajifunzi kivulini mwa lori. Anajifunza kwenye simu, peke yake, akiwa kitandani. Simu ikimkataza kula nyuma, kwake hiyo ndiyo sheria. Simu ikimfanya kingi wake atembee hatua moja moja, ataona wazee wanaorusha kingi wanamwibia. Na siku akifika kijiweni, hatauliza. Atainua simu juu kama yule utingo. Mchezo uliopokewa kwa mikono na midomo unaweza kubadilika ndani ya kizazi kimoja, bila mtu yeyote kuamua, kwa sababu tu mtu mmoja wa mbali aliandika mistari michache ya programu kwa namna anayoijua yeye. Simlaumu. Aliandika mchezo wa kwao. Wa kwetu ni nani aliyemwandikia?

Lakini nami nikajiona niko katika mtego ule ule. Nikiandika kwamba kingi hutua popote, nimewanyang'anya haki watu wa kijiwe cha reli. Nikiandika kwamba hutua nyuma tu ya kete, nimewaudhi wa stendi. Mimi ni nani? Mwishowe nilifanya hivi: programu inapofunguka, kabla ya mchezo kuanza, inauliza. Kijiwe chenu kete inakula nyuma? Kingi anatua wapi? Lazima kula nyingi? Mchezaji anajibu, na mpinzani wa ndani ya simu hucheza kwa majibu hayo. Rafiki yangu mmoja mwenye ujuzi aliniambia kwamba nimeiharibu, kwamba mtu anataka kubonyeza na kucheza, si kujaza fomu kama ya forodha. Pengine ana haki. Mzee dereva alipoiona, alisoma maswali yote polepole, akajibu moja moja, akasema hii sasa ina adabu, inabisha hodi kabla ya kuingia.

Kuhusu kiwango cha mpinzani nitasema machache. Mwanzoni, ili watoto wasife moyo, niliifanya mashine icheze kibingwa na mara moja moja itupe hatua ya ovyo. Watu waliitambua mara moja na hawakuipenda. Ni kama mtu mzima anayejifanya kuanguka ili mtoto ashinde mbio. Afadhali kuipunguzia kina cha kutazama. Anayeona hatua mbili tu hukosea kama anavyokosea mwanadamu anayejifunza, na kumshinda kuna utamu wake.

Lipo pia jambo ambalo sijalipatia ufumbuzi. Miezi miwili iliyopita kijana mmoja alinifuata kwa siri, akaniomba nimtengenezee programu isiyocheza dhidi yake bali inayomnong'oneza hatua bora. Nilimuuliza ya nini. Akakiri kwamba Jumamosi watu huweka fedha mezani. Nilikataa, lakini ukweli ni kwamba hahitaji ruhusa yangu: anaweza kukaa na simu pajani, akaingiza hatua za mpinzani wake mmoja mmoja, na kunakili majibu ya mashine. Katika mashindano ya chesi duniani wachezaji hawaruhusiwi kuwa na simu mezani, kwa sababu hiyo hiyo. Kivulini mwa lori nani atawapekua watu? Kila ninapoongeza nguvu ya mpinzani wangu, najua naongeza pia nguvu ya mwizi. Kwa sasa nimeamua kuiachia ione hatua nane, si zaidi. Wapo wanaoniambia ni upuuzi, kwamba programu kali kuliko hiyo zimejaa kila mahali. Ni kweli. Ila hizo hazijui kingi wetu anavyoruka.

Wasikilizaji wa pwani watauliza: na bao je? Mchezo aliokuwa akiupenda Mwalimu Nyerere, utaachwa hivi hivi? Nimeujaribu, na nakiri umenishinda mpaka sasa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mwanzoni kila mchezaji ana kete 22 za kunamua. Namna ya kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 peke yake ni kama 1 ikifuatiwa na sifuri 25, mara kama elfu ishirini ya zile hali za drafti ya Kiingereza. Na hatua moja ya bao si hatua moja: unakula, unasambaza, unaangukia penye kete, unakula tena, unazunguka. Zipo hali ambazo hatua huzunguka bila mwisho! Mwanadamu huchoka na kucheka. Kompyuta haichoki, itazunguka mpaka betri iishe. Ni lazima mwandishi aiwekee kikomo, na kikomo hicho nacho ni sheria inayotaka idhini ya wachezaji.

Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatetea shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya ubingwa wao. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, huko huko Uholanzi, wakatoa taarifa ya jinsi ya kuliingiza bao katika kompyuta. Mwaka huo huo, mjini Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliumaliza kabisa mchezo wa mashimo 12 unaochezwa Afrika Magharibi, ule waliouita awari, baada ya kompyuta kupitia hali zaidi ya bilioni 889. Jibu lake nalo ni suluhu. Nawapongeza wote hao, kazi ni kazi. Nasikitika tu kwamba kila nilipotafuta nani ameandika juu ya michezo yetu, barua ilitoka Uholanzi.

Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani. Kompyuta yangu ni kuukuu. Lugha za kuandikia programu hupatikana bure. Programu yenyewe haihitaji intaneti ikiisha kuingia kwenye simu, jambo lenye maana kwa dereva aliyelala porini. Kilicho ghali ni muda, na uvumilivu wa kuchekwa.

Mpaka leo ninapozungumza nanyi, mashine yangu inanifunga mimi michezo tisa katika kumi. Mzee dereva haijamfunga hata mara moja. Anaifungulia kwa mtindo wake: anatoa kete mbili mapema upande wa kushoto, mashine inazila kwa furaha, na hatua kama kumi na tano baadaye upande wake wa kulia unajikuta umefungwa wote, hauna pa kwenda. Kwa hatua nane haiwezi kuona huko. Nimemwomba mzee anionyeshe polepole, kete kwa kete, niandike. Amesema niende Jumamosi asubuhi, kabla foleni haijaanza kusogea, nibebe soda mbili na vizibo vyake nisivitupe. Daftari nimekwisha nunua.